Mkono Upokeao

Tangu watu walipoanza kuupima utu kwa mizani ya hisani, mkono utoao umewekwa juu na mkono upokeao umewekwa chini, na mpango huu umekubaliwa msikitini, kanisani na barazani bila ya mtu kuuliza hati yake. Mtoaji husifiwa, huombewa dua, na hutajwa kwa jina lake mbele ya hadhara. Mpokeaji huinamisha macho. Sina nia ya kumpunguzia mtoaji thawabu yake, kwani mwenye kuandika thawabu ni Mola wake. Lakini nimewaona wazee, waliokuwa mashujaa wa kazi katika ujana wao, wakiteseka kwa kulishwa uji kuliko walivyoteseka kwa maradhi yaliyowalaza, na nimewaona wajane wakilala na njaa hali jirani ana chungu kilichojaa, si kwa sababu jirani yule alikuwa bahili, bali kwa sababu kupokea kumegeuzwa kuwa fedheha. Jambo liwezalo kumnyima mgonjwa uji wake haliwezi kuitwa jambo dogo la adabu; ni kosa la fikira, na kosa la fikira hutafutiwa asili yake.

Asili mojawapo ya kosa hilo imo katika falsafa, nayo ni kongwe. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Symposium, amemweka Sokrate akisimulia mafundisho aliyoyapata kwa mwanamke mwenye hekima, Diotima, kwamba mapenzi yalizaliwa na mama aitwaye Umaskini, na kwamba hakuna atamaniye kitu ila yule aliyekikosa. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, alisema kuwa maada huitamani sura kwa vile yenyewe haina. Wafuasi wa Plotinus wakajenga juu ya msingi huo ngazi ndefu ya viumbe vyote: kileleni yuko Mmoja, ambaye faidhi yake humiminika daima naye hapokei kitu kwa yeyote, chini yake zipo akili na nafsi, ambazo hupokea kutoka juu na kuteremsha kwa vilivyo chini, na mwisho kabisa iko maada, ambayo kazi yake ni kupokea tu. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki Hamadan mwaka 1037, aliandika risala mahsusi juu ya mapenzi, ambamo alidai kwamba hata vitu visivyo na uhai havikukosa ishki, kwa kuwa kila kitu kina ukamilifu kinaouelekea na upungufu kinaoukimbia. Fikira hizi zina uzuri nisiopenda kuudharau. Lakini ndani yake kupokea kumefungwa pingu moja na kupungukiwa, hata haiwezekani kumtaja mpokeaji bila ya kumtaja fakiri. Na maadamu wenye hoja hii hawakusema juu ya wanadamu peke yao, bali walidai kuwa ndivyo ulivyo ulimwengu wote tangu mbingu hata jiwe, ni haki madai yao yapelekwe mbele ya vitu vyenyewe, vikatoe ushahidi.

Shahidi ninayemwita ni atomi, na ushahidi wake umo katika kipimo ambacho wanakemia hukiita afiniti ya elektroni. Huchukuliwa atomi za elementi fulani zikiwa katika hali ya gesi, mbalimbali, kila moja peke yake bila ya jirani wa kuisaidia wala kuizuia. Kisha kila atomi hupewa elektroni moja zaidi ya zile ilizo nazo, na nishati inayohusika na upokezi huo hupimwa. Mtu aliyelelewa katika fikira za Diotima angetazamia kwamba atomi, kwa kuwa ni yenye kupokea, itavuta nishati ndani kama inavyovuta elektroni. Hutokea kinyume chake. Katika elementi zilizo nyingi, atomi ipokeapo elektroni hutoa nishati, na nishati hiyo huenda nje kwa sura ya nuru au ya joto, ikawafaidi wengine. Klorini ndiyo itoayo nyingi kuliko elementi zote ambazo kipimo hiki kimefanywa: kilojuli 349 kwa kila moli, yaani kwa kila gramu 35.5 za atomi zake, joto litoshalo kuipandisha lita moja ya maji kwa digrii zipatazo 83.

Madarasani husemwa kwamba klorini imepungukiwa na elektroni moja, na mwanafunzi hukubali, maana ganda lake la nje lina elektroni saba na lingeweza kuchukua nane. Usemi huu unafaa kwa kukumbuka somo, lakini ukishikwa kwa maana yake kamili unapotosha. Kiini cha klorini kina protoni 17, na kukizunguka zimo elektroni 17. Chaji zimelingana barabara, wala hakuna deni upande wowote. Atomi hiyo, ikiwa peke yake angani, ingeweza kukaa hivyo dahari na dahari bila ya kuvunjika. Kinachoiwezesha kupokea ni utajiri wake: kiini chenye protoni 17 kina mvuto mkubwa, na elektroni za ganda la nje, kwa kuwa zimetapakaa kandokando na hazikai moja mbele ya nyingine, haziwezi kuuziba mvuto huo wote, hata elektroni ngeni ikikaribia vya kutosha huonja sehemu ya nguvu ambayo, kwa mwenye kuitazama kutoka mbali, ilionekana imekwisha kutumika. Nafasi ipo, upungufu haupo. Na nionavyo mimi, fundisho lote la Diotima juu ya jambo hili lilijengwa kwa kuyachanganya mambo hayo mawili.

Kwamba nafasi na upungufu ni vitu mbalimbali, jedwali lenyewe la elementi lilishuhudia siku lilipozaliwa. Dmitri Mendeleev, alipozipanga elementi 63 zilizojulikana mwaka 1869, aliacha mahali patupu katikati ya jedwali lake, na wako walioudhani utupu ule kuwa ila ya kazi yake. Lakini galiamu ilipopatikana mwaka 1875, na skandiamu mwaka 1879, na jemaniamu mwaka 1886, kila moja ikaenda kukaa pale alipoiwekea, na tabia zake zikafanana na alizozitabiri. Mahali patupu ndipo palipokuwa na elimu kubwa kuliko mahali palipojaa.

Na sasa tulipite jedwali hilo, tuone upokezi unavyokwenda. Kwa kawaida kipimo hiki huzidi tuelekeapo kulia katika mstari, kwa sababu kila hatua kiini huongezewa protoni moja, ilhali elektroni zinazoongezeka hukaa katika ganda lile lile na hazizibi vyema mvuto ulioongezeka. Lakini mwendo huo haunyooki. Katika mstari wa pili lithiamu hutoa kilojuli 60, beriliamu, iliyo jirani yake wa kulia, haishiki elektroni ya ziada kabisa, boroni hutoa 27, kaboni 122, naitrojeni, ambayo mtu angeitazamia iipite kaboni, haishiki kitu, oksijeni 141, florini 328, na neoni, mwisho wa mstari, haishiki kitu. Mwenye haraka ataona hapa fujo. Mwenye subira ataona kwamba beriliamu imekwisha kuijaza obiti yake ya nje, yaani chumba kimoja ndani ya ganda, kwa elektroni mbili, hata nyingineyo ingelazimika kukaa katika obiti ya nishati ya juu zaidi. Na kwamba naitrojeni ina obiti tatu za namna moja, kila moja ikiwa na elektroni moja, hata ya nne ingelazimika kuingia mahali penye mwenyewe, na elektroni mbili katika obiti moja husukumana. Kwa hiyo sheria haikuvunjwa pale kipimo kiliposhuka. Tulikuwa tumeijua nusu yake, ile ya mvuto wa kiini. Na kushuka kule kukatufundisha nusu ya pili, ile ya haki ya waliotangulia kuwamo.

Jambo lililonishughulisha zaidi katika habari hizi ni la florini na klorini. Kwa kuwa kipimo hupungua kadiri tushukavyo katika safu, maana atomi huzidi ukubwa na elektroni mpya hukaa mbali zaidi na kiini, kiasi cha akili kinasema kwamba florini, iliyo juu ya safu yake na ndogo kuliko wenziwe, ingekuwa ya kwanza. Nayo si ya kwanza: 328 dhidi ya 349 za klorini, bromini inafuata kwa 325 na ayodini kwa 295. Ndivyo ilivyo pia katika safu ya jirani, ambamo oksijeni yenye 141 imepitwa na salfa yenye 200. Sababu ni msongamano. Florini ni mithili ya nyumba ya chumba kimoja ambayo mwenyewe ana mapenzi makubwa ya wageni: humwita kila apitaye njiani, na sauti yake ni ya kweli, lakini waliomo wamekwisha kukaa paja juu ya paja, na kila aingiaye huongeza jasho na manung'uniko yanayoila sehemu ya furaha ya kukaribishwa. Klorini ina mwito hafifu kidogo, lakini ina ukumbi.

Ajabu ni kwamba katika kemia ya kila siku florini ndiyo kali. Henri Moissan alipoitenga mwaka 1886, baada ya wengine kadha kuumia na hata kufa wakiitafuta, dunia ilipata gesi inayoshambulia karibu kila kitu kinachoigusa, na klorini haiifikii kwa ukali. Ukali huo una sababu zake nyingine: kwamba atomi mbili za florini zikiungana wenyewe kwa wenyewe hushikana kwa ulegevu na kuachana upesi, na kwamba vifungo inavyovifunga na vitu vingine ni imara. Kwa hiyo mwenye kunyakua kwa nguvu kuliko wote siye mwenye kupokea vyema kuliko wote, na mambo mawili ambayo jicho la mbali huyaona kuwa ni moja yamepimwa yakaonekana ni mawili. Laiti wanafalsafa waliosema juu ya tamaa wangalipata tarakimu hizi mbili, 328 na 349, wangalitenga mapema uchu wa kutwaa na uwezo wa kukaribisha.

Nisiiache dhahabu, ingawa si katika safu hizo. Metali kwa jumla hujulikana kwa kutoa elektroni, na mtu akiambiwa kwamba metali hupokea hushangaa. Lakini kipimo cha dhahabu ni 223, kimeipita oksijeni na salfa. Kiini chake kina protoni 79, na elektroni zilizo karibu nacho huenda kwa zaidi ya nusu ya mwendo wa nuru, hata kanuni za Einstein huanza kuonekana katika umbo la atomi nzima: maganda hujikunja yakasogea ndani, na mahali pa elektroni moja zaidi pakawa karibu na mvuto. Ikiunganishwa na metali ya siziamu, iliyo karimu sana kwa elektroni zake, dhahabu hupokea, na mchanganyiko wao huacha kuwa metali.

Hapa najua nitapingwa, na upinzani ni wa haki. Itasemwa kwamba atomi haina nafsi, haioni haya wala fahari, haichagui; na kwamba mwenye kuokota maadili katika kemia hana tofauti na mwenye kupiga ramli kwa mchanga. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba hata moto na pamba tunavyoviona vikikutana na kuungua, hatukuona ulazima wowote baina yao, ila desturi ambayo Mungu ameipitisha na angeweza kuiondoa. Na Ibn Rushd akamjibu kwamba anayekana sababu amekana akili. Ugomvi huo mkubwa siwezi kuumaliza, wala hauniwajibikii kuumaliza. Ikiwa klorini hutoa nishati kwa tabia iliyotiwa ndani yake, au ikiwa Mola hupitisha desturi yake kila mara elektroni inapofika, kwa njia zote mbili lile lililokanushwa limekanushwa. Maana mimi siitumii atomi kuwa mwalimu wa watu. Naitumia kuwa shahidi dhidi ya dai moja tu, lililosema kwamba katika viumbe vyote apokeaye ni aliyepungukiwa. Dai lililosema juu ya vyote huangushwa na kimoja, na hapa tunavyo vingi. Iwapo mtu angali anataka kumdharau mpokeaji, na amdharau kwa jina lake mwenyewe, asiuite ulimwengu umtetee.

Twende mbele, kwa kuwa atomi iliyo peke yake ni nusu ya habari, na hakuna mtu aliyepata kutia chungu chake atomi moja moja. Tuitazame chumvi. Ili sodiamu iitoe elektroni yake hapana budi itumike nishati ya kilojuli 496 kwa moli. Klorini ikiipokea hurudisha 349. Hesabu hii ina hasara ya 147, na kama mambo yangekuwa baina ya mtoaji mmoja na mpokeaji mmoja waliosimama mbalimbali, chumvi isingekuwako duniani. Anayelipa hasara hiyo ni jamii. Ioni, yaani atomi zilizokwisha kutoa au kupokea, zikisogeleana na kupangana kuwa fuwele, kila ya klorini ikiwa imezungukwa na sita za sodiamu na kila ya sodiamu ikiwa imezungukwa na sita za klorini, hutoka kilojuli 787, zikafuta hasara yote na kuacha ziada kubwa. Max Born na Fritz Haber walionyesha mwaka 1919 namna ya kuzipanga hesabu za namna hii, na tangu hapo kila mwanafunzi wa kemia huzipitia. Na anayezitazama fuwele hizo hawezi tena kuonyesha nani yuko juu na nani yuko chini. Aliyetoa amekuwa na chaji ya namna moja, aliyepokea ya namna nyingine, na uimara wa nyumba watokana na kuwa kila mmoja amegeuzwa na tendo lile.

Mfano wa oksijeni ni mzito zaidi, nami naupa uzito kwa sababu unaonya. Oksijeni hupokea elektroni ya kwanza na kutoa 141. Lakini ikiisha kuipokea imekuwa na chaji hasi, na elektroni ya pili, iliyo hasi vilevile, husukumwa nyuma, hata kuiingiza kwataka zaidi ya kilojuli 700 kwa moli. Oksijeni yenye elektroni mbili za ziada haiwezi kukaa peke yake hata kidogo, itaimwaga moja. Hata hivyo imo katika chokaa. Wajenzi wa pwani waliochoma matumbawe kwa ajili ya misikiti na majumba ya Kilwa na Lamu walikuwa wakiitengeneza kwa tanuri zao, maana chokaa mbichi itokayo katika moto ni kalsiamu iliyotoa elektroni mbili na oksijeni iliyozipokea, na mzigo ule usiobebeka kwa mmoja hubebeka kwa sababu majirani, kila upande, wana chaji ya kuutuliza. Kwa hiyo kuna kupokea kunakofurahisha na kuna kupokea kunakolemea, hata kitu chenyewe kikiwa kile kile. Na tofauti yake haimo katika kipawa wala katika mpokeaji, bali katika wale wanaomzunguka.

Zimebaki gesi bwete: heliamu, neoni, argoni na wenzao, ambazo maganda yake yamejaa, na ambazo elektroni ya ziada haikai kwao. Wazungu walizipa jina la watukufu, na jina hilo lalingana na ngazi ile ile ya Plotinus: asiyehitaji kwa yeyote ndiye mkuu. Argoni ni karibu sehemu moja katika mia ya hewa tunayoivuta, na ilikaa bila ya kujulikana hata mwaka 1894, Rayleigh na Ramsay walipoigundua, kwa sababu haikuwa na shughuli na mtu. Sioni utukufu hapo. Kujitosheleza kwa dhati ni sifa ya Mungu peke yake, naye anajitosheleza huku akitoa. Bali kiumbe aliyejifungia hana alilomfanania nalo ila kutopokea, na kutopokea bila ya kutoa ni milango miwili iliyofungwa. Tena hata kufungwa huko hakukuwa kwa mwisho. Mwaka 1962 Neil Bartlett, akifanya kazi huko Vancouver, aliona kwamba mchanganyiko wa platini na florini aliokuwa nao una uwezo wa kupokea mkubwa hata umeitoa elektroni katika molekuli ya oksijeni. Akakisia kwamba zenoni nayo haitaweza kuukatalia, akavikutanisha, na gesi ile iliyodhaniwa haitoi kitu ikatoa. Ukarimu wa zenoni ulikuwa umefichika tangu kuumbwa kwake, na aliyeudhihirisha ni mpokeaji.

Nimeiweka haidrojeni nyuma kwa makusudi. Ndiyo atomi ndogo kuliko zote, protoni moja na elektroni moja, na ikipokea ya pili hutoa kilojuli 73 tu, kiasi ambacho klorini ingekiona kidogo. Lakini mwaka 1939 Rupert Wildt, mwanafalaki Mjerumani aliyehamia Marekani, alionyesha kwamba katika uso wa jua, penye joto la karibu digrii 6,000, baadhi ya atomi za haidrojeni, chache mno kwa wingi wa zilizopo, huzishika elektroni zilizotolewa na metali kama chuma na magnesi, na kwamba ni hizo chache zinazotawala kuzuiwa na kutolewa kwa nuru mahali hapo. Elektroni ifikapo na mwendo wake, na haidrojeni iipokeapo, nishati ya mwendo na nishati ya kukaribishwa hutoka pamoja zikawa nuru. Sehemu kubwa ya nuru ionekanayo, inayoteremka juu ya mashamba na juu ya bahari kila asubuhi, imetoka katika upokezi huo. Kiini cha jua kilitengeneza nishati, ndiyo. Lakini hatua ya mwisho, ile ya kuitoa nuru ikaenda zake kwa viumbe, kwa sehemu kubwa ni tendo la atomi ndogo iliyopokea.

Na ndani ya mwili wetu mambo hayakuachana mbali na hayo, ingawa huko upokezi hupimwa kwa mizani nyingine kwa sababu ya maji na vimeng'enya vinavyouzunguka. Elektroni zilizotoka katika chakula hupitishwa mkono kwa mkono ndani ya seli, na kila hatua huacha nishati inayotumika kwa uhai, mpaka mwisho wa mlolongo inasimama oksijeni, inayozipokea na kuwa maji. Sianidi, sumu ile ile ambayo akina mama huitoa katika muhogo mchungu kwa kuuloweka na kuuanika, hukaa juu ya kimeng'enya pale oksijeni inapopokelea. Basi mtu mapafu yake yamejaa hewa, na damu yake imejaa oksijeni, na chakula kimo mwilini, naye hufa kwa dakika chache, kwa kuwa watoaji wote wapo na mpokeaji amezuiwa.

Dini zetu zilikuwa zimeijua kazi hii ya mpokeaji kabla ya kemia, ila sisi tulishika sehemu iliyotupendeza. Katika Injili ya Yohana, Petro alikuwa tayari kutoa hata roho yake kwa ajili ya bwana wake, lakini alipofikiwa ili aoshwe miguu alikataa. Na akaonywa kwamba asipokubali kuoshwa hana sehemu. Mara nyingi kisa hiki huhubiriwa kwa upande wa aliyeinama na chombo cha maji. Mimi nauona upande wa Petro kuwa mgumu zaidi, maana kutoa kulimwacha na ukubwa wake, na kupokea kulimtaka auweke chini. Kwa upande wa Waislamu, Kurani imeibatilisha sadaka ifuatwayo na masimango na udhia. Na Ghazali, yule yule aliyewapinga wanafalsafa, katika mlango wa siri za zaka ndani ya kitabu chake kiitwacho Ihya, amemwelekeza mtoaji amwone fakiri kuwa ndiye mtenda hisani, kwa sababu fakiri ameipokea kwa mkono wake haki ya Mungu, na kwa kuipokea amemtakasa mwenye mali na kumwokoa na deni. Hapo mkono wa chini umefanya kazi ambayo wa juu usingeweza kuikamilisha.

Baada ya hapo Ghazali analeta suala ambalo naliona lahitaji kuulizwa upya katika miji yetu: je, ni bora mtu apokee kwa siri, au kwa dhahiri? Ametoa hoja za pande zote mbili. Siri humhifadhi mpokeaji heshima yake na huwahifadhi watu na kusengenya. Dhahiri ina ukweli ndani yake, na ina shukrani, na humwondolea mtu kujionyesha kuwa asivyo. Wala hakukata shauri moja kwa watu wote, bali alilirudisha kwa nia ya kila mmoja na hali yake. Mimi nathubutu kusema kidogo zaidi. Hiari ya kutangaza ingewekwa kwa mpokeaji peke yake, na mtoaji angefungwa kwa siri. Maana leo mambo yamepinduliwa, mtoaji hupiga picha na magunia yake ya unga, na mpokeaji husimama kando akitazama ardhi, na kamati zinazopanga hafla hizo hazimwulizi kama anataka kuonekana. Ningependa waanze kwa kumwuliza. Na yule mzee aliyelala kitandani akikataa uji, ningependa aketiwe na mtu asiyeharakisha, amweleze kwamba binti yake, aliyemwandalia uji ule tangu alfajiri, ana kitu ambacho hakuna mwingine duniani awezaye kukipokea isipokuwa yeye.